Vumbi la Mbao Limepata Kazi

Karakana ya Baba,
Chumba cha nyuma, penye dirisha bovu.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Kaka Injinia,

Shikamoo! Hujambo huko ugenini? Kile kikohozi kimekwisha? Na wifi yangu je, bado anakucheka ukishika mwiko? Sisi huku wazima wote, ila mimi nina furaha nusura nipasuke, na kalamu haikimbii kama mdomo wangu.

Kaka, mashine yako inafanya kazi! Ndiyo, ileile ya jeki ya gari na bomba la chuma, ambayo Baba aliiita takataka ya kukandamizia takataka. Miaka mitatu tangu mgombane ukaondoka, ilikuwa uani, kuku wanalala juu yake.

Ngoja nianze mwanzo nisije nikakuchanganya. Mwezi uliopita bwana afya alikuja, majirani wamechoshwa na moshi wa vumbi la mbao tunalolichoma kila jioni. Akatupa siku kumi na nne: lile rundo liondoke na lisichomwe tena, la sivyo karakana inafungwa. Baba alikaa juu ya gogo akaipaka randa mafuta, akamaliza, akaanza kuipaka tena. Maji yalikuwa yametufika shingoni, na kumwona mzee wetu amenywea vile kuliniuma sana.

Basi mimi na kiherehere changu nikaiburuta mashine nje, nikalifuata daftari lako neno kwa neno. Lowesha vumbi, jaza, kandamiza, anika. Vijitofali vya kuchomea vikatoka vizuri, nikavipigia vigelegele! Vilipokauka nikashika kimoja, kikawa unga mkononi, kama siku ile ulipomwonyesha Baba. Fundi Kipara, pale kwenye benchi lake, alicheka mpaka akakaa chini.

Mama alikuwa anaanua nguo. Akasema, "Nyie na baba yenu ni wamoja, kuuliza hamtaki. Kola zenu za shule mnadhani zilisimama kwa dua?"

Wanga, Kaka! Wanga wa nguo! Akapika sufuria nzima, tukauchanganya na vumbi, tukakandamiza upya. Siku nne juani, nikamrushia Kipara kimoja, kikapiga meza, tok, wala hakikumeguka. Lo! Injinia mzima, umesoma ukamaliza madaftari, kumbe jibu lilikuwa kwenye beseni la mama yako.

Ndoo ya kwanza nilimpelekea mwokaji mikate hapo jirani, yule aliyelalamikia moshi kuliko wote. Alivitazama kwa jicho la pembeni, akavitia kwenye tanuri. Moto ukashika, moshi kidogo tu, mikate ikaiva sawasawa. Sasa kuni ameziacha, anachukua kila gunia tunalotoa, na bado anadai hatumtoshelezi. Tumewaajiri mama wawili wa mtaa huu kazi ya kuanika, na mmoja tayari anatufundisha sisi.

Siku ya kumi na nne bwana afya akaja na makaratasi yake ya kufungia. Akalitafuta rundo, akaikuta sakafu. Sakafu yetu ina saruji, Kaka, mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau! Akaondoka na kijitofali kimoja mfukoni, eti akawaonyeshe wenzake ofisini.

Na Baba je? Si unamjua, neno samahani kwake halipiti kooni. Lakini kila asubuhi ndiye wa kwanza kushika mpini wa jeki, na mgeni akiuliza, anajibu, "Ya mwanangu," utadhani siye aliyeitupa.

Unaukumbuka msumari wako wa kutundikia aproni, ule Baba aliouchomoa ukutani siku uliyoondoka? Jana nilifika nikasikia nyundo. Baba alikuwa amenipa mgongo, anaupigilia mahali palepale. Aproni yako inaning'inia hapo, imefuliwa, imepigwa wanga. Nililia, sikufichi.

Mama anakusalimu na anasema ule ushibe. Fundi Kipara anakusalimu, na mwokaji mikate naye, eti sasa ni rafiki yako. Baba nilimuuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Akakohoa, akaikagua randa, ndipo akasema, "Mwambie jeki yake imekauka mafuta. Aje aitie mwenyewe."

Mungu akufungulie njia, Kaka, na njia hiyo iwe ya kurudi nyumbani.

Mdogo wako akupendaye,
Kiherehere