Tisa Nukta Nane

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, nimeiitikia shikamoo yako kwa sauti huku uani, kuku wakanishangaa. Handeni tu wazima. Shangazi yako kajifungua wa kiume.

Unauliza kama ukariri majibu ya mitihani ya zamani kabla ya Fizikia ya kidato cha sita. Nikiwa kidato hicho kule Korogwe, mwalimu alitupa jaribio: tupime mvutano wa dunia kwa jiwe linalobembea kwenye uzi, urefu wa uzi tukiupima kwa rula alizotugawia. Nilipata karibu kumi na moja. Nilijua kitabuni ni tisa nukta nane, basi nikafuta, nikaandika hiyo. Darasa zima tulifanya hivyo, isipokuwa Mwanaidi wa Mombo.

Tulipokusanya kazi, mwalimu akanirudishia rula niliyopimia. "Soma namba ya kwanza."

Ilikuwa tano! Rula zote alikuwa amezikata sentimita tano za mwanzo kwa msumeno, kila uzi ukasomeka mrefu kuliko ulivyo, nasi tulizipimia bila kuona.

"Mwanaidi, mbona uliandika kumi na moja?"

"Ndiyo niliyoipata, mwalimu."

Alipata alama peke yake. Mpaka leo nikikumbuka nashtuka, maana rula niliishika kwa mikono yangu, na macho nilikuwa nayo.

Nakuombea kila siku.

Bibi yako, Zaina