Gunia Nililolishonea Lori Letu

Kwako Baba Nekesa, mume wangu,

Baridi ya mwezi wa saba imeingia tena hapa Molo, ile ya kuamka ukakuta maji ya ndoo yameshika barafu juu. Najua hutaisoma barua hii. Huu ni mwaka wa tatu tangu kifua kikuchukue, na bado nikisikia lori likiunguruma nje nageuza shingo kuangalia mlango. Lakini jana fundi Karanja alikuja hapa nyumbani akaniomba kitu, na tangu hapo sijatulia. Nimeona nikuandikie wewe, maana jambo lenyewe tulilijua wawili tu, na tulilifungia midomo mpaka ukaondoka.

Unakumbuka siku ulipolileta lori. Lilikuwa limetumika jeshini, halafu kwa mzungu mmoja wa Njoro, na mlango wa upande wangu ulifungwa kwa kamba. Ulinizungusha ukinionyesha kila chuma, mwanamume mzima ukicheka peke yako. Ulinionyesha geji mbili za joto, ya maji na ya oili. "Mama Nekesa, hii ya maji ikipanda, nasimama. Hii ya oili ikipanda, naomba Mungu." Ukanipeleka mbele ukanionyesha rejeta kubwa ya maji, na chini yake rejeta ndogo ya kupoza oili, urefu wake kama mkono wangu. Mimi nilikuwa nawaza nguo zangu kwenye kamba, mvua ilikuwa inakuja. Nilikuitikia tu ili unyamaze.

Injini ya dizeli haipatani na baridi ya huku. Wewe, kama madereva wote wa Molo, ulikuwa unaifunika rejeta kwa gunia asubuhi ili ipate joto upesi, na kila mara upepo ulikuwa unalichukua gunia. Ndipo nikakushonea lile langu. Magunia mawili, blanketi kuukuu katikati, kamba nne pembeni. Asubuhi unalifunga mpaka juu. Injini ikishapata moto, unafungua kamba za juu tu, unalikunja, linabaki limening'inia chini. Ulilipenda sana. Ulilitembeza kwa madereva wenzako, na wake zao wawili wakaja kuuliza nimeshona vipi. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Wiki hiyohiyo Karanja alikuwa amekubadilishia oili na pampu yake. Karanja rafiki yako, mliyekuwa naye Burma wakati wa vita, fundi wa gereji ya nyuma ya stesheni Nakuru. Na wiki iliyofuata oili ikaanza kuchemka.

Ulikuwa unabeba viazi vya shamba la mzungu kupeleka kambi ya askari Gilgil. Kutoka Molo hadi Nakuru hapakuwa na shida, ni mteremko. Lakini ukishapita Elmenteita na kuanza kupanda pale Kariandusi, geji ya oili ilikuwa inapanda na wewe. Ile ya maji haikuwa na habari. Ulikuwa ukifika nyumbani hata chai huiwezi, unaniambia harufu tu, harufu ya oili iliyoungua, kwamba umelala nayo puani. Na kusimama njiani miaka ile ya Hali ya Hatari, Wakikuyu wakikamatwa kila siku, halikuwa jambo la mchezo. Kila doria ilitaka pasi, ilitaka kujua umebeba nini na kwa nini umesimama hapo.

Karanja alihangaika na lile lori. Nilikuwa nakwenda nawe Nakuru siku za sokoni, kwa hiyo nilimwona. Alichomoa kijiti cha oili akakinusa. "Hakuna dizeli imeingia ndani," akasema. Akafungua pampu, nzima. Akabadilisha oili, akaweka nzito, ikawa mbaya zaidi, akarudisha ile ya kwanza. Akafungua rejeta ndogo akaiosha, akaipuliza kwa mdomo mpaka macho yakamtoka. "Baba Nekesa, maji iko sawa na oili inachemka. Hiyo kitu inanisumbua mpaka kwa ndoto." Alikuwa anasema haya amelala chini ya lori, chali, juu ya gunia langu.

Ndivyo ilivyokuwa kila mara. Likisimama tu, ulikuwa unalivuta lile gunia kutoka mbele na kulitandika chini ili usichafue shati. Kwa hiyo kila aliyekuja kuchunguza alikuta rejeta zote mbili ziko wazi, hewa inapita. Mkimaliza, mlilifunga tena mahali pake. Fundi mzima na dereva mzima, wanalalia ugonjwa wanaoutafuta.

Na tulimcheka Karanja, unakumbuka? Siku hizo alianza kuvaa sweta mbili chini ya ovaroli, kwenye jua la Nakuru saa saba mchana, jasho linamtiririka. Ulimwuliza kama ana malaria. Akacheka nawe, akasema mwili wake umezeeka. Mimi nilicheka kuliko nyote.

Kisha meneja wa shamba akakuita. Viazi vilikuwa vinachelewa, kambi ilikuwa inalalamika. Ulinisimulia maneno yake ukiwa umesimama, kofia bado kichwani. "Nani alifungua injini yako mara ya mwisho?" Ulimwambia ni fundi tu. "Mkikuyu?" Hukukana. Akakwambia, "Ijumaa niletee jina. Mengine niachie mimi." Hakuna mtu huku ambaye hakujua hayo mengine ni nini. Jina likishafika mezani miaka ile, mwenyewe hakuimaliza wiki nyumbani kwake, na alikokwenda hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuuliza.

Siku za kwanza ulimtetea. Ulisema Karanja alikubeba mgongoni ulipoumwa tumbo huko vitani. Baadaye ukaanza kunyamaza. Baadaye ukasema, ukiangalia ukuta, "Lakini lilianza kuchemka baada ya yeye kuligusa." Nikakuuliza utafanya nini. "Nina nyinyi," ukasema. Nakwambia leo kile ambacho sikukwambia siku ile: niliogopa ungemtaja, na niliogopa vilevile usipomtaja watakuchukua wewe.

Ijumaa nilipanda nawe. Nilikudanganya naenda kumwona dada yangu Gilgil. Ukweli ni kwamba sikukuamini peke yako. Tulipofika Kariandusi, sindano ikapanda kama kawaida yake, ukaapiza, ukaegesha. Ukavuta gunia, ukalitandika juu ya ule udongo mweupe, ukaingia chini. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikihesabu magari yanayopita, nikiomba lisiwe la askari. Ulipotoka ulinitupia gunia nilikung'ute vumbi.

Upande wa juu ulikuwa wa baridi. Upande wa chini, ule unaokunjiwa, ulikuwa unachoma mkono. Nikaufungua. Blanketi langu lilikuwa limebadilika rangi, na mistari ya rejeta ndogo ilikuwa imejichora humo, mmoja mmoja, urefu wa mkono wangu.

Nilijua papo hapo. Baba Nekesa, nilijua, na sikusema.

Nililiweka gunia mapajani nikakwambia nasikia baridi. Ukaniangalia, maana jua lilikuwa kali, ukawasha lori. Tukaupanda mlima wote na geji haikusogea. "Leo limetuonea huruma," ukasema, ukaanza hata kupiga mluzi. Nilikuwa nawaza wale wanawake wawili walioiga ushonaji wangu. Nilikuwa nawaza utakavyoniangalia, wiki zote zile za mateso, kumbe ni mikono ya mke wako. Tukashusha viazi Gilgil, tukageuza, tukapita Nakuru, na pale karibu na stesheni ulikaza macho mbele ili usiione gereji. Nikaona shingo yako ilivyokakamaa. Bado sikusema. Mtu alikuwa karibu kupotea kwa sababu mimi naona haya ya gunia.

Ulisimamisha lori mbele ya ofisi ya shamba. Ulivaa koti, ukafunga vifungo vyote, hata kile cha shingo. Mguu wako ulikuwa umeshafika ngazini.

"Baba Nekesa, ni gunia."

"Gunia gani?"

"Langu. Linaziba rejeta ndogo."

Nikakuonyesha ile mistari. Uliipapasa kwa kidole, ukarudia kuipapasa. Hukunigombeza. Ulinirudishia gunia, ukageuka, ukaingia ofisini, na mlango ukafungwa.

Sijawahi kukaa muda mrefu kama ule. Sikujua umeingia kusema nini. Nilijiuliza kama umenisikia vizuri. Nilijiuliza kama meneja atakubali kwamba injini nzima imeshindwa na blanketi, au atacheka na kudai lile jina. Ulipotoka koti lilikuwa limelowa mgongoni. "Nimemwambia ni mimi," ukasema. "Nimesema ni gunia langu na ujinga wangu." Meneja alikunyang'anya kazi ya viazi mpaka mwisho wa mwaka, tukala tulichonacho. Hukunikumbusha hata siku moja.

Sasa jana. Ndugu yako Barasa ndiye anaendesha lori siku hizi, na Karanja alipanda mpaka huku kuja kutengeneza breki. Alipomaliza alinawa mikono, akakaa jikoni kwangu, akapewa chai. Akasema, "Mama Nekesa, hii baridi si ya injini. Wewe si unishonee ile gunia ya zamani, Barasa afunge kwa rejeta?"

Kikombe kilinitoka mkononi. Nikamwambia yote. Meneja, Ijumaa, jina lake, mistari ya blanketi, mimi kunyamaza kutoka Kariandusi mpaka mlango wa ofisi. Nilimwambia hata kwamba wewe ulikuwa umelegea, nisamehe. Nilisema nikiwa nimeinama naokota vigae, sikuweza kumtazama.

Kisha akasema, "Nilijua."

Nikainua uso.

"Meneja alituma mtu kuuliza pale gereji nani hutengeneza hiyo lori. Nikajua mambo ni mbaya. Wale walikuwa wanachukuliwa, walikuwa wanaenda na nguo ya mwili tu. Na huko kwa kambi ya kufungia watu, watu walisema, usiku ni baridi. Ndio nikaanza kuvaa sweta mbili. Kila nikisikia lori yenu inaingia, nilikuwa naangalia kama Baba Nekesa amekuja peke yake ama na askari."

Na bado alikuwa analala chini ya lori letu, mume wangu, anapuliza rejeta. Na sisi tunamcheka.

Nikamwuliza kwa nini hakukimbia. "Ningekimbia, mngesema ni mimi," akasema. Nikamwuliza kama anakuweka moyoni kwa ubaya. Aliinywa chai yake mpaka mwisho. "Aliingia ofisini na akatoka bila jina yangu. Hiyo naijua, kwa sababu niko hapa." Akasimama. Alipofika mlangoni akageuka, akanionyesha kwa kiganja, mbele ya tumbo lake, mahali gunia linapopaswa kuishia. "Hapa, Mama Nekesa. Usipitishe hapa."

Nimelitoa lile gunia la zamani na kulikata leo asubuhi. Nimepima mara tatu kwa mkono wangu, na bado nilipofika kwenye upindo nilifumua nikaanza upya. Kimebaki kipande kizuri cha blanketi, kile kisichoungua. Namshonea Karanja koti la ndani nacho. Sijui kama atalivaa. Lala salama, Baba Nekesa, na uliombee hilo koti.

Ni mimi mkeo, mshona gunia,
Mama Nekesa