Mkono Wangu na Chuma cha Kliniki

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki. Binti yangu kaniburuta kama mbuzi wa mnadani. Daktari, mtoto mdogo, ndevu hazijakomaa, kanipa chuma chenye mshale. "Minya, bibi, kwa nguvu zako zote." Nikaminya. Mshale ukajivuta kivivu. Eti nguvu za mkono zinaonyesha mwili mzima unavyochoka. Mkono huu! Uliolea watoto, ukapiga vibao wakorofi! Wakanitoa na damu, eti nayo itasema. Nikamwambia ikisema vibaya asiniletee umbea. Binti hakucheka. Kasema nikishindwa tena Jumatatu ijayo, nahamia kwake, nyumba yangu wapangishwe watu.

Tutaona.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi. Nimeloweka mablanketi, nakamua. Jirani kachungulia uani: "Bibi, unahama nini?" Nikamwambia nafua, ashike njia yake. Mkono unauma — ndiyo nguvu zinaingia hizo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekamua tena. Na shuka. Na mapazia ambayo hayakuwa machafu. Gauni linanining'inia kama la kuazima, nimelibana kwa pini binti asione. Chakula hakipandi. Joto tu hili.

Jumapili, 9 Machi
Kidole gumba kimevimba. Kikombe kimenidondoka. Vikombe vya siku hizi!

Jumatatu, 10 Machi
Mshale haukufika hata pale pa kwanza. Daktari kaugeuza mkono: "Bibi, umeufanya nini huu?" Nikamwambia: mablanketi, wiki nzima. Akacheka, mtoto yule, halafu akaacha kucheka. Kipimo cha leo hakihesabiki, kasema, nirudi mkono ukipona. Nikamtazama binti: umesikia!

Ila damu haikukamua blanketi. Eti ndani kuna uvimbe wa chinichini, si saratani, ni mwili wenyewe kuwaka, hauonekani kwa macho, unakula nyama za mwili polepole. Na uzito umeshuka, pini zangu hazikusaidia. Nile mayai, nitembee, kasi yake inaweza kupunguzwa. Mimi nimesikia "inaweza". Binti kasikia mengine, maana yuko jikoni kwangu anafunga masufuria.

"Tulikubaliana mkono upone kwanza!"

"Mama, tulikubaliana na nani?"

Vyombo vyangu vinagongana. Naandika kwa kushoto, herufi zinapepesuka kama walevi. Nataka kwenda kumnyang'anya. Lakini kiti hiki kifupi, kuinuka kunataka mkono. Nimejaribu. Nimejaribu tena. Anauliza kutoka huko mbona nimenyamaza ghafla.

Nimemwambia naandika.