Betri za Mjomba Tai

Nyumbani, chumba cha mashine,
Jumapili alasiri.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu na za mama. Hujambo huko? Wifi hajambo? Watoto nao? Lile goti lililokuwa likikusumbua wakati wa baridi limepona, au bado unapanda ngazi kama mzee? Sisi huku ni wazima wa mwili. Kifua cha mama kinabana na kuachia kama kawaida yake, lakini anakula vizuri na anatugombeza vizuri zaidi.

Mimi pia ni mzima, ila nina hasira. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu, maana kwenye simu ungenikatiza kila mara na ile "tulia dada, tulia" yako, nami sitaki kutulia.

Najua Mjomba Tai ameshakupigia. Najua amekwambia nimemvua nguo dukani kwake mbele ya wateja. Sasa kaa kitako, usikie na upande wa pili.

Unajua umeme wetu ulivyo, unakuja ukijisikia. Na unajua kazi yangu ya vifaranga haitaki mchezo. Mashine ya kutotolesha ikizimika, mayai yakapoa, basi umeua. Kwa miaka nimekuwa nikitumia betri za asidi, zile nzito za kukutegua kiuno, zinachoka kabla sijamaliza kujivunia kwamba nimenunua mpya. Ni wewe uliyenishauri nihamie kwenye lithiamu. Ni nyepesi, ukasema, zinadumu, na usiende mbali dada, nenda kwa mjomba, lile si duka la nyumbani?

Kweli ni la nyumbani. Mtaji ulitoa wewe, rafu ulinunua wewe, hata kodi ya kwanza ililipwa na wewe. Nisikilize ukilikumbuka hilo.

Mimi si mtu wa kununua kwa kuoneana haya, kwa hiyo nilizunguka kwanza. Ndugu yangu, niliyoyakuta! Muuzaji wa kwanza alinitazama viatu ndipo akanitajia bei. Wa pili nilimuuliza betri yake ina uniti ngapi.

"Mama, hii ni kubwa," akaniambia.

"Kubwa kiasi gani?"

"Kubwa tu. Hata friji inabeba."

Hata mlango wa jikoni kwangu nikiulaza utabeba friji! Nikatoka. Duka la tatu lilikuwa la mama mmoja mwenye miwani, asiye na maneno mengi. Huyo alinieleza yote bila kuficha: betri ni ya uniti tano, itachajiwa mara elfu kadhaa kabla ya kuchoka, dhamana yake ni ya miaka, na ikizingua mapema utapewa nyingine. Alipotaja bei nikatafuta pa kukalia.

Ndipo nikaenda kwa mjomba. Boksi la ukubwa uleule, karatasi ya ubavuni imeandikwa uniti tano zilezile, na bei ni nusu ya yule mama. Nusu! Nikamuuliza mbona rahisi hivi.

"Wewe ni damu yangu," akasema, huku akijirekebisha tai shingoni. "Kwako sitii faida."

Nilimkumbatia, mdogo wangu. Nilimkumbatia kabisa, nikarudi nyumbani nikimsifu njia nzima.

Wiki za mwanzo umeme ulikuwa ukikatika kidogo na kurudi, na betri ikatulia kama haina neno. Kisha ikafika ile siku. Nilimpeleka mama kliniki asubuhi, umeme ukiwa umeshakatika. Sikuwa na wasiwasi, maana betri ilikuwa imejaa, na kwa ulaji wa mashine yangu uniti tano zingenifikisha jioni na kubaki. Tuliporudi hata adhuhuri ilikuwa bado. Nikafungua mlango wa chumba hiki ninachokuandikia, nikakuta kimya. Feni ya mashine imesimama. Nikatia mkono ndani, mayai ya baridi.

Yalikuwa yameshaanza kudonolewa kwa ndani. Unaona tundu dogo kwenye ganda na ncha ya mdomo imejitokeza, imetulia.

Nilipiga kelele hadi majirani wakaja. Tukachemsha maji, tukajaza chupa, tukazipanga kati ya trei, tukafunika kwa mablanketi. Mama, na kifua chake kile, alikaa chini akayakumbatia mayai ndani ya shuka, akiyasemesha. Machache yaliitika. Mengine nilikuja kuyapasua mwenyewe. Vifaranga kamili, wenye manyoya yao, miguu wameikunja vizuri, wamekufa wakiwa wamebakiza kusukuma tu.

Walikuwa wa kile kikundi cha akina mama wa mtaa wa juu, waliojenga banda kwa mikono yao. Mwenyekiti wao alikuja kuwachukua na boksi lililotobolewa matundu, chini limetandikwa nyasi.  Aliangalia trei, akaniangalia mimi, akasema, "Pole, dada," kisha akalibeba boksi lake jinsi alivyokuja nalo. Afadhali angenitukana.

Fundi aliyenifungia inveta ya kugeuza umeme wa betri akasema labda ni nyaya, labda ni mipangilio. Nikasema sawa, tuache labda. Nikaichaji betri hadi ikajaa, nikachomeka lile jiko dogo la umeme la koili moja, linalokula uniti moja kwa saa, nikabandika sufuria la maji, nikavuta kigoda. Kama kweli ndani mna uniti tano, ningekaa pale karibu saa tano. Ilipita saa moja na kidogo, pwii, giza kwenye inveta. Nikachaji tena siku ya pili, nikarudia. Vilevile.

Sasa piga hesabu nawe, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi iliyokupeleka huko. Nililipa nusu ya bei nikapata robo ya betri. Ule urahisi wa damu yake ulinifanya ninunue kila uniti kwa bei maradufu ya yule mama wa miwani!

Kesho yake nikaipakia kwenye mkokoteni, nikaenda dukani. Nakuapia nilikwenda na adabu zangu zote. Nilimsalimia shikamoo, nikamwomba tuzungumze chemba, nyuma ya pazia. Nikamweleza habari ya jiko na sufuria.

"Mwanangu, betri haina kosa," akasema. "Kosa ni matumizi. Nyie wanawake mkiwa na umeme mnachomeka kila kitu."

Nikameza hilo. Nikamwambia mjomba, basi tujaribu nyingine hapahapa, tuchukue mpya kutoka kwenye rafu, ijae, tuiwekee jiko tukae wote tuone.

"Hilo haliwezekani. Ikishatumika nani atainunua?"

"Basi tuifungue hii yangu tuone ndani."

"Ukifungua, dhamana imekufa."

Wakati huohuo mtu akabisha hodi kaunta. Mjomba akatoka, sura imebadilika, meno nje. Alikuwa ni muuguzi wa zahanati ya kule bondeni, bado amevaa sare. Nikiwa nyuma ya pazia nikamsikia akisema anataka betri ya friji ya chanjo, kwa kuwa umeme ukikatika sana wanalazimika kuzimwaga, na akina mama wanarudishwa na watoto wao mgongoni. Mjomba akamwonyesha ileile ya uniti tano. Akamwambia, tena kwa sauti ya huruma, kwamba kwa kuwa ni ya watoto, faida hataitia.

Mdogo wangu, ungekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka.

Nilitoka nyuma ya pazia nikasema, "Dada, usinunue hiyo. Mimi ni mpwa wake, na yangu iko pale kwenye mkokoteni, imeniua vifaranga." Muuguzi akamtazama mjomba, akanitazama mimi, akafunga pochi yake. Mjomba akanitolea maneno ambayo siwezi kuyaandika, mama atasoma barua hii kabla sijaifunga. Huko ndiko kuvuliwa nguo alikokusimulia. Chanjo za watoto hakukugusia, au nakosea?

Haikuishia hapo. Mama wakubwa wakaitisha kikao, pale sebuleni kwa mama, ili nimwombe mjomba msamaha. Wamejipanga kwenye makochi kama majaji. Huyu anasema damu ni damu, yule anasema mambo ya ndani yanamalizwa ndani. Hakuna aliyeuliza betri ina nini. Hakuna hata mmoja! Kosa likawa ni mdomo wangu, si boksi la mjomba. Niliona machozi yananikaribia, nikayarudisha.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, mrija wa oksijeni puani. Unajua kwamba ile mashine yake nayo ina betri, uliyoilipia wewe na akaileta mjomba. Akanyanyua mkono, wote wakanyamaza. Akamuuliza mdogo wake, taratibu, akivuta pumzi katikati:

"Na hii yangu je? Ni kama ya huyu mwanangu?"

Mjomba akaruka kwenye kiti. "Hapana, dada! Haki ya Mungu, hapana! Hiyo ya kwako ni nzima. Hiyo ya kwako niliichagua."

 Nadhani neno lenyewe lilimfikia mjomba masikioni baada ya kulitoa, maana alishika tai yake akaanza kuilegeza, akailegeza, mkono ukabaki hapohapo.

"Kumbe huwa unachagua," mama akasema.

Hakuna aliyedai tena msamaha wangu. Mama mkubwa wa kwanza alikumbuka ameacha chungu jikoni.

Baadaye mjomba alikiri kwamba mzigo wa kwanza ulikuwa mzuri, wa pili ukaja na seli zilizokwisha tumika, zimevalishwa maboksi mapya. Alijua, kwa sababu alipima, akatenga chache nzima kwa watu wake. Mimi sikuwa miongoni mwa watu wake, inaonekana. Alinirudishia fedha yangu bila kuniangalia usoni, nami nikaongeza, nikanunua kwa yule mama wa miwani. Nimeijaribu kwa jiko lilelile, ikanichosha kukaa. Akina mama wa mtaa wa juu nimewawekea mayai mengine bure. Muuguzi nimemwelekeza dukani huko.

Siku hizi mtu akimtaja Mjomba Tai sielewi anasema ile ya shingoni au yule ndege.

Lakini duka bado liko wazi, na rafu bado zimejaa. Hapo ndipo hasira yangu inakugeukia wewe, usikasirike. Kila mwisho wa wiki unampigia kumuuliza mauzo. Umewahi hata siku moja kumuuliza anauza nini? Kila boksi linalotoka pale limetoka kwa jasho lako, liwe linakwenda kwa fundi cherehani, kinyozi au mzazi mwenye mtoto mgonjwa. Yeye ataniona adui hadi tuzikane, na nimekubali. Neno lako tu ndilo analoliogopa. Mpigie leo, mwambie ashushe mzigo ule, awatafute waliokwisha nunua, awarudishie. Ukiona aibu kumwambia mjomba, basi njoo uwaambie wewe walionunua.

Msalimie wifi, mwambie vitenge vyake viko tayari kwa fundi. Wabusu watoto. Mama anakusalimu, anakuombea riziki ya halali na usingizi mzuri, na amenisisitiza niviandike vyote viwili pamoja.

Ni mimi ninayekupenda hata nikikufokea,
Dada yako.