Baba, Usingoje Kutajwa

Thongpiny, Juba

Baba yangu,

Shikamoo, na Mama pia shikamoo yake. Goti linaendeleaje? Na nyusi zimeota? Mama aliniambia ulivyong'ang'ania mizinga ya nyuki kiangazi kilichopita hadi moto wa msitu ukakuchoma uso. Mimi ni mzima, hata nimenenepa, maana Mama Akello, mpishi wetu Mganda, hajui kupakua kidogo.

Umeniomba redio ya kuwasikiliza walinzi wa msitu, kwa kuwa simu za majirani za kutangaza moto huziamini tena tangu zikutoe mbio bure na mbuzi wako. Haya! Kazi yangu ni redio, nitashindwaje na ya babangu?

Hapa Juba sinunui. Ukikutwa nayo kwenye kizuizi cha barabarani, askari watakuita mpelelezi kabla hujafungua mdomo. Kilonzo, fundi wetu, anakuja likizo. Atainunua Nairobi akuletee. Kubwa ya mezani nimeikataa, stima yenu naijua. Yenye vitufe vingi nayo utaigombeza siku mbili, kisha uwaachie kuku. Nimechagua ndogo ya mkononi, ya betri za tochi. Inapitia masafa moja moja na kusimama penye mtu anayezungumza. Ni ya kusikia tu, Baba, usiipigie kelele. Ila kwanza nenda kituoni kwa walinzi, uombe ruhusa na uulize masafa yao. Kama wamehamia redio za kidijitali, hii haitashika neno, basi umwambie Kilonzo asinunue.

Kazi naipenda sana. Kila jioni nawaita wafanyakazi wa shirika letu redioni, mmoja mmoja, waseme kama wako salama. Wengine wanajibu kwa Kiingereza cha ofisini. Mama Akello anafoka: "Mimi iko! Chakula iko! Nani bado kula?" Tunacheka, na mji siku hizi umetulia kidogo.

Sasa nikwambie nililowaficha. Siku vita vilipozuka, hata uhuru wao haujatimiza miaka mitatu, simu zilikatika nikabaki na redio. Nikasikia risasi ziko Bilpam, kwenye kambi ya jeshi. Baadaye nikasikia ziko mtaa wa Atlabara. Nikaendelea na chai yangu, nikingoja wautaje mtaa wetu. Wapi! Mama Akello ndiye aliyenivuta mkono: "Toka! Wewe nangoja nini?" Tulipokuwa tumelala nyuma ya mifuko ya mchanga, risasi ikapita dirishani ikapasua kikombe changu. Nililia, Baba, sikuficha.

Kwa hivyo ukisikia wametaja msitu wa juu, usikae kungoja kijiji chetu. Mchukue Mama mshuke barabarani. Mizinga iache iungue, tutachonga mingine. Wale wa redioni hawakujui.

Mbusu Mama. Msalimie shangazi wa dukani, na kaka mwalimu akusomee haya mara mbili, hasa pale pa mizinga.

Kila jioni nikimaliza kuita majina ya hapa, nazima kipaza sauti, nakuita na wewe. Siku ya moto nipigie ukiwa barabarani, useme tu: mimi iko.

Binti yako,
Mghoi