Chumba Kisichovuja

Langley Park, Maryland

Kaka Laurean,

Mimi mzima, ni mgongo tu unaolalamika, maana kule ghalani Landover ninakobeba mizigo wametuongezea zamu. Binti yako Violet hajambo. Ile safari ya meli aliyonilipia tumekwenda na tumerudi. Chakula kilikuwa kingi, maji mengi zaidi.

Kabla ya kupanda meli tulihitaji pa kulala siku moja pale Tampa, Florida. Kimbunga kiliezua nyumba nyingi, na hoteli zilijaa watu waliokosa makao. Ndipo ulipotuunganisha na shemeji yako Sebastian, naye akasema, "Karibuni, nafasi ipo tele."

Tulifika giza limeshaingia. Tukapewa chumba kizuri, vitanda viwili vimetandikwa. Asubuhi nilitoka nje kupiga mswaki, nikamkuta Sebastian, mkewe Edna na watoto wawili wamelala ndani ya gari. Paa lote lilikuwa turubai. Chumba chetu ndicho pekee kilichokuwa hakivuji.

Sebastian akafumbua macho. "Shemeji, unaamka mapema kama kuli!"

"Si ndiyo kazi yangu? Mbona hukusema?"

"Niseme nini, na mgeni keshafika?"

Violet alilia. Mimi nilikunywa chai, tukaenda melini.

Sasa nasikia unataka padri wenu naye afikie kwa Sebastian mwezi ujao. Usimtume, kaka. Na ukimpigia Sebastian, muulize habari za paa. Usimuulize kama ana nafasi, maana atasema ipo.

Mdogo wako,
Fredy