Mama Vumilia alisema, mimi nikanyamaza

Nyamitaba, Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, na ukungu umekaa juu ya malisho kama vile hauna kwingine pa kwenda. Miguu inauma, koo linauma. Nimechoka uchovu ambao najua hata nikilala hautaisha.

Leo Mama Vumilia alisimama mbele ya shefu, mkuu wa vilima vyetu.

Niandike kwanza tulivyofika pale. Tangu mwanzo wa muhula, kila Jumamosi mchana, wanawake sita hukutana katika darasa langu, nasi tunacheza. Mmoja anasimama katikati, mwingine anampa jambo la kutetea, lolote lile: auze chungu kilichopasuka, ao amshawishi mpagazi ashuke naye mpaka Itebero katika mvua. Haruhusiwi kufikiri zaidi ya pumzi moja. Wenzake wakipiga makofi, lazima ageuke na kutetea upande wa pili, hapo hapo. Mwanzoni walikuwa wakificha nyuso ndani ya vitenge na kucheka. Siku hizi mimi ndiye ninayeogopa kushindana nao.

Direkta wa shule anajua tunashona.

Ndiyo, nilimdanganya. Tangu uhuru, miaka sita sasa, watu wakikutana kidogo tu wanaambiwa ni siasa, na direkta hataki siasa shuleni kwake. Nilimwambia ni vitambaa na sindano. Aliridhika.

Mama Vumilia ni mjane. Shemeji yake, Papa Bahati, anataka shamba lake la maharagwe liwe malisho ya ng'ombe. Jumamosi moja nilimpa shamba hilo hilo kama mchezo. Alilitetea vizuri. Tukapiga makofi, ikabidi sasa awe Papa Bahati. Akasema juu ya kijana wake anayetaka kuoa, juu ya ng'ombe waliokonda, juu ya kilima ambacho hakiwatoshi tena. Alipomaliza alikaa kwenye benchi na kulia.

"Na yeye iko na shida, Mwalimu," akaniambia. "Mbele ya leo sikuona."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijiuliza kama nimemsaidia ao nimemnyang'anya hasira, kitu pekee alichokuwa amebaki nacho.

Leo, barazani kwa shefu, niliona jibu. Papa Bahati alisema wa kwanza, kwa sauti kubwa. Kila neno lake Mama Vumilia alikuwa amekwisha kulisema mwenyewe darasani. Alipoitwa hakutetemeka. Alianza hivi: "Shefu, shemeji yangu hasemi uongo. Ng'ombe yake iko na njaa, na mutoto wake anatafuta bibi. Lakini njaa yake haiwezi kula chakula ya batoto yangu."

Watu waligeuka kumtazama.

Ndipo sekretere wa shefu aliponiona nimesimama nyuma. "Huyu mama hasemi hivi siku zote," akasema. "Mwalimu, haya maneno ni ya nani? Yako ao yake?"

Swali jepesi kabisa. Ningesema: ni yake. Maneno mawili. Lakini direkta alikuwa amekaa kwenye kiti mbele, na niliona kichwa chake kikigeuka polepole kuelekea kwangu. Nilifikiri kazi yangu. Nilifikiri sindano ambazo hazipo.

Pumzi moja ikapita, kisha nyingine, kisha nyingine.

Sikusema kitu.

Kunyamaza kwangu kulimwangukia Mama Vumilia. Nilisikia watu wakianza kunong'ona kwamba amefundishwa, kwamba ni kasuku tu. Mama Vumilia hakunitazama hata kidogo. Alimwambia shefu, "Basi muniulize kitu ambacho Mwalimu hakijui."

Shefu akafikiri. "Mupaka wa shamba iko wapi?"

"Upande wa chini ni kijito. Upande wa juu ni mistari ya mihogo, nililima na bwana yangu mwaka tulioana. Ndani ya mihogo kuna jiwe mbili. Pale njo tulizika mutoto wetu wa kwanza. Shemeji alichimba kaburi. Anajua."

Papa Bahati aliinamisha kichwa. Shefu alimwuliza kama ni kweli. Alijibu kwa sauti ambayo karibu isisikike: "Ni kweli." Kisha, bila kuulizwa, akaongeza: "Nilikuwa nimesahau, shefu. Ng'ombe yangu haitakanyaga pale."

Shefu akaamua shamba linabaki la Mama Vumilia, na Papa Bahati apelekewe mtu wa kumtafutia malisho kule juu.

Tulirudi pamoja kwenye matope. Nilitaka kuomba msamaha, nikatafuta pa kuanzia, sikupapata. Tulipofika kwenye njia panda alisema tu, "Uliogopa."

"Niliogopa, dada."

"Na mimi niliogopa," akasema, akashika njia yake.

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Wanafunzi wangu wamenipita, na hilo lingekuwa furaha ya mwalimu yeyote. Lakini mimi nawafundisha watu kusimama, na siku niliyotakiwa kusimama nilijificha nyuma ya mjane.

Direkta hajaniita bado. Najua ataniita. Kesho asubuhi, kabla ya kengele, nitakwenda kwake mwenyewe. Nitamwambia hatushoni, hatujawahi kushona, na Jumamosi tutakutana tena.

Nimekaa hapa nikitafuta neno la kuanzia na sioni hata moja. Nitaenda hivyo hivyo.